Kadi iliyomkosesha mdogo wangu usingizi

NYUMBANI kwetu mtaani Umoja, Nairobi, mdogo wangu hakuwahi kukata kitunguu. Alikuwa kitinda mimba, tena mvulana wa pekee, na kila aliposogea karibu na jikoni mama alimfukuza akachukue vitabu vyake. Sisi dada zake watatu ndio tuliotokwa na machozi ya vitunguu kwa niaba yake.

Kwa hivyo unaweza kukisia mshangao wangu, msomaji, nilipomkuta mwezi wa Oktoba 2018 katika mji wa Philadelphia, Marekani, amejifunga aproni nyeusi, kofia kichwani, akikata vitunguu vyembamba kama karatasi huku foleni ya watu kama ishirini ikimsubiri. Aliinua macho akaniona. Maneno yake ya kwanza hayakuwa salamu.

"Dada," alininong'oneza juu ya kioo cha kaunta, "tafadhali usimwambie mama."

Nilikuwa nimekwenda huko kwa mafunzo ya majuma matatu ya wanahabari. Yeye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja mjini humo. Tulimfanyia harambee, mama akauza kiploti chake cha Kitengela, na mtaani kila mtu alijua kwamba kijana wetu yuko Marekani anasomea uhandisi. Kwamba kila jioni alitengeneza sandwichi, hilo hakuna aliyeambiwa.

Si kwamba alikuwa akivunja sheria. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, mradi isizidi saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Saa hizo 20 ndizo zilizomnunulia vitabu na chakula, na ndizo zilizokuwa hatarini juma lile.

Duka lenyewe ni la aina ambayo Wamarekani huiita deli. Nyuma ya kioo zimepangwa nyama zilizotiwa chumvi na kukaushwa, pamoja na jibini za kila umbo, na ukiagiza unakatiwa papo hapo kwa mashine yenye kisu cha duara kinachozunguka. Hili lilikuwa la Kitaliano. Msimamizi wake alikuwa mzee mwenye nyusi nene ambaye babu yake alitoka kusini mwa Italia, kama walivyotoka maelfu ya Waitaliano waliohamia Philadelphia mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Soko lao la Mtaa wa 9 bado liko, na ukipita hapo asubuhi harufu ya jibini inakupokea kabla hujaona duka.

Sandwichi yao hutengenezwa kwa mkate mrefu uliopasuliwa ubavuni, na wenyeji huiita hoagie. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na Hog Island, karakana ya meli ya wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ambako vibarua wa Kitaliano walikwenda na mikate yao, ingawa wako wanaobisha. Uwanja wa ndege niliotua mimi umejengwa mahali palepale. Mwaka wa 1992 meya wa mji, Ed Rendell, alitangaza hoagie kuwa sandwichi rasmi ya Philadelphia. Jaribu kutangaza hivyo Nairobi kati ya mutura na smokie uone vita!

Ile niliyotengenezewa na ndugu yangu ilikuwa na hemu, salami, nyama ya shingo ya nguruwe iitwayo capocollo, na jibini ya provolone. Juu yake akapanga nyanya, majani ya saladi na vitunguu, akanyunyiza mafuta ya zeituni, siki na majani makavu ya oregano. Nilipouma nilikumbuka kachumbari. Bei ilikuwa dola 9, takriban Sh900 za wakati huo, na kila nilipotafuna nilihesabu vikombe vya maharagwe ambavyo pesa hizo zingenunua Umoja. Ilikuwa tamu. Ila mkate ulikuwa mgumu pembeni, nami kwa heshima ya mpishi nilinyamaza.

Kando ya mlango palikuwa na sanduku dogo la mbao, kadi tupu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kama zile za benki. Mteja akishiba au akikasirika huandika maoni yake na kuyatumbukiza. Kila Ijumaa usiku, baada ya kufunga, msimamizi alizimwaga kadi zote mezani na kila mfanyakazi akasoma zilizohusu zamu yake. Aliposikia mimi ni mwandishi wa gazeti, akanisogezea kiti.

Nimesoma barua nyingi za wasomaji katika kazi hii, lakini zile kadi zilinichekesha kuliko zote. Mmoja alisema mkate ni laini kupita kiasi, mwingine wa siku ileile akasema umemchubua kaakaa. Mmoja alitaka mayonesi, na chini yake mtu mwenye mwandiko wa herufi kubwa akasema anayeweka mayonesi katika hoagie ya Kitaliano afukuzwe mjini. Mwanafunzi aliyejitaja kuwa ametoka Italia aliandika kwa upole kwamba kwao mkate huwekwa vitu viwili vitatu tu ili kila kimoja kisikike, na kwamba hapa alihesabu saba. Aidha aliwakumbusha kuwa ukila mmoja unasema panino, wawili ndipo unasema panini. Mwalimu mmoja alijaza kadi mbili, mbele na nyuma, kuhusu siki peke yake. Na kulikuwa na kadi yenye neno moja, "Kitunguu!" ambayo mpaka tunaondoka hatukuafikiana kama ni sifa au ni lalama.

Malalamiko makubwa yalikuwa foleni. Jioni mnachelewa. Nimekosa somo. Huyo kijana wa jioni ni goigoi. Halafu ikaja ile iliyomfanya ndugu yangu aache kucheka. Iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba kijana wa jioni haelewi Kiingereza, na kwamba chuo kiweke mtu anayeelewa.

Msimamizi aliisoma, akaiweka kando bila kusema neno. Ndugu yangu aliitazama pale ilipolala. Usiku ule nilipolala chumbani mwake, yeye chini kwenye godoro la kuazima, nilimsikia akigeuka-geuka.

"Dada, mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza," alisema gizani. "Huyo mtu aliniambia 'gabagul'. Nikamwuliza mara tatu. Gabagul ni Kiingereza gani?"

Wala sikujua. Asubuhi ndipo tulipomwuliza mzee, naye akacheka mpaka akashika kaunta. Gabagul ni ileile capocollo. Waitaliano waliofika huko zamani wengi walikuwa wa kusini, na lahaja zao za kule Naples na jirani zake humeza irabu ya mwisho na kulainisha "k" ikasikika kama "g". Wajukuu zao wakarithi matamshi hayo hata waliposahau lugha yenyewe. Mozzarella wakaifanya "mutzadel", prosciutto ikawa "brajut". Hata yule mwanafunzi wa Italia, mzee alituambia, mara ya kwanza aliposikia gabagul aliduwaa.

Fikiria basi, msomaji. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili husoma capocollo kwenye kibandiko bila shida yoyote, silabi kwa silabi, na irabu yake mwishoni, kama anayesoma neno la kwao. Mteja alikuwa akisema Kitaliano cha babu yake kilichokatwa mkia, akidhani ni Kiingereza, na akamshtaki mwenzake kwa kutokijua! Hata hivyo sikumlaumu sana. Alikuwa na njaa, foleni ilikuwa ndefu, na kweli hakueleweka. Hayo matatu hakuyabuni.

Jambo la foleni lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Jioni ya Jumatatu mzee alisimama nyuma ya ndugu yangu akimtazama. Nami nilikaa kwenye kona na kahawa yangu nikatazama vilevile. Muda ulikuwa ukipotea mahali pawili. Kwanza ni mashine. Duka lile halikati nyama mapema, kwani ikishakatwa nyembamba pembe zake hukauka na harufu hupotea. Kila mteja hukatiwa yake. Kadi zilizosifu nyama zilisifu jambo lilelile ambalo kadi za foleni zililaani.

Pili ni glavu. Kulikuwa na kadi moja isiyo na jina, ya mwandiko mdogo, iliyoomba kwamba mtu akiagiza kuku au jibini tupu, mhudumu abadilishe glavu na kisu kwanza, kwa kuwa wengine hawagusi nguruwe. Kadi hiyo ilikuwa ya juma la kwanza la muhula. Tangu siku ile ndugu yangu, bila kuambiwa na mtu, alibadilisha glavu, akachukua kisu safi na ubao mwingine kila alipoagizwa kuku au jibini. Wenzake hawakufanya hivyo kila mara.

Nilijua alikolitoa. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kiislamu. Krismasi mama alipopika nguruwe, alikuwa na sufuria yake maalumu na kisu chake, visivyogusa kamwe chakula ambacho jirani angekuja kukionja. Mtoto aliyefukuzwa jikoni alikuwa akichungulia mlangoni kumbe.

Mzee hakutoa hotuba. Aliagiza wote wafanye kama yeye, na akaongeza mtu wa pili wa kupanga mboga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Foleni ikapungua. Lakini mshahara wa huyo wa pili ulitoka katika fungu lilelile, na ndugu yangu akapunguziwa saa kutoka 20 hadi 16. Alishukuru kwa mdomo. Usiku alikaa na kalamu akipiga hesabu ya kitabu kimoja ambacho sasa ingembidi akiazime maktaba.

Jumapili ya mwisho mama alipiga simu. Kwake ilikuwa saa nne usiku, kwetu saa tisa alasiri. Akauliza, kama kawaida, mtoto anakula nini. "Mkate, mama," nilijibu, na ndugu yangu akaninyang'anya simu. Alimweleza yote: aproni, mashine, foleni, gabagul, saa 16. Kisha kukawa kimya hata nikadhani laini imekatika.

Mama yetu ameuza mitumba Gikomba tangu sijaanza shule. Hakulia wala hakufoka. "Huyo aliyeandika kwa wino mwekundu," aliuliza, "alirudi?"

"Alirudi jana, mama. Akataka gabagul, nikampa."

"Akasemaje?"

"Akasema Kiingereza changu kimeimarika."

Mama alicheka, kisha akataka kujua kama wanalipa pesa taslimu na ni nani anayenoa visu.

Nami nakiri kosa langu. Siku moja kabla ya kuondoka niliichukua ile kalamu yenye uzi. Nilitaka kumsifu kaka yangu kwa jina la mteja, na nikaona hilo si haki, nikaandika tu nililoliona: kwamba kijana wa jioni alibadilisha glavu bila kuombwa, na kwamba mkate ulikuwa mgumu pembeni. Nikatumbukiza kadi na kwenda kufunga mizigo.

Nilipowasha simu Nairobi nilikuta ujumbe wake. "Dada, mwandiko wako naujua. Mkate mgumu?"

Nikamjibu kwamba ulikuwa mgumu.

"Mzee ameanza kuagiza uletwe mara mbili kwa siku," aliandika. "Shehena ya pili inafika saa kumi na moja jioni. Unajua ni nani anayeipakua?"