Radi za ng'ambo

Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zikiwa bado zinatuandama, kibanda cha video pale Ilagala, kando ya ziwa, kilituonyesha Twister, filamu ya Wamarekani wanaokimbiza vimbunga kwa magari. Tulicheka mpaka tukakohoa. Mtu na akili zake anaifuata dhoruba! Baba mkubwa hakucheka. Aliuliza tu, "Hao wanapata nini?"

Sisi tulitafuta dagaa, usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka dagaa hawaijali taa. Mitumbwi miwili ilifungwa sambamba kwa miti, wavu katikati, karabai zikining'inia juu ya maji. Nilikuwa darasa la sita. Usiku wa Ijumaa niliruhusiwa kwenda kupiga pampu.

Ng'ambo, kama kilomita 50, radi zilimulika milima ya Kongo bila sauti. Mgeni angeomba turudi. Baba mkubwa alitafuna muhogo wake. Alichongoja ni ngurumo. Ikianza kusikika, aligonga kidole ubavuni mwa mtumbwi, kuanzia mwanga hadi mlio. Shuleni baadaye niliambiwa sekunde tatu ni kama kilomita moja. Yeye alijua kwamba mapigo yakiwa chini ya kumi na tano wavu unapanda, dagaa wawemo wasiwemo.

Usiku mmoja dagaa walikuwa wengi mno, akasahau kugonga. Au alijifanya kusahau. Hilo nimeliwaza miaka mingi. Tone la kwanza liliangukia kioo cha karabai kilichokuwa cha moto: ta! Kikapasuka. La pili likapasua kingine. Kisha upepo.

Nilidhani tutakimbilia mtoni. Akakataa. Mdomoni mwa Malagarasi maji ya mto yanapokutana na mawimbi ya ziwa, wimbi husimama wima, na mafuriko ya mwaka ule yalishusha magogo mazima. Akageuza pua za mitumbwi zikaelekea Kongo, kulekule dhoruba inakotoka, na wanaume wanne wakapiga kasia hadi karibu na alfajiri ili tu tusisogee. Mimi nilikumba maji kwa sufuria ya ugali.

Kulipokucha alikuwa anahesabu vioo. Vitatu vimekwenda, na jua la kuanikia dagaa hakuna.

"Wale wa kwenye video," akasema, "gari likiwaharibikia hukohuko, wanafanyaje?"

"Sikuona mwisho, baba. Petroli ya jenereta iliisha."