Vichwa Bila Viwiliwili

Ile sentensi ya herufi nene inayotangulia taarifa gazetini Kiswahili hukiita kichwa cha habari, nami sijui ni nani aliyeibuni istilahi hiyo bila kushtuka. Kichwa, kama tujuavyo, hakikai vyema bila kiwiliwili. Hata hivyo, vichwa vya miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili nilivyovisoma utotoni kule Kalimoni, karibu vyote vilikuwa vimekatwa shingo.

Aliyevikata alikuwa nyanya yangu. Kalimoni ninayoikumbuka ni misheni ya Kikatoliki na hospitali yake, kisha kahawa na katani kila upande, baina ya Ruiru na Thika. Babu alikuwa mpishi katika shamba moja la kahawa. Kila mwisho wa juma alirudi na magazeti ambayo mwajiri wake alikwisha kuyasoma, mengi ya Kiingereza, na pamoja nayo Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, ambalo alilinunua mwenyewe kwa ajili ya heshima. Nyanya hakujua kusoma. Alichojua ni kwamba karatasi ikipakwa uji mzito na kubandikwa ukutani huzuia upepo, na kwamba kwa kazi hiyo Gavana na bei ya mahindi hawana tofauti. Kwa hiyo nilikuta Gavana kasimama kichwa chini miguu juu, huku tangazo la baiskeli likimpita kifuani. Nimesoma historia ya Kenya shingo ikiwa upande, na baadhi ya wenzangu wa idara ya historia wanadai kuwa athari zake zingalipo.

Juu ya kitanda chetu wajukuu lilibaki neno moja tu: AKAMATWA. Nani? Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kaka yangu alishikilia kuwa ni mwizi wa kuku. Binamu yetu alisema ni mtoto aliyekojoa kitandani. Siku moja tulimwuliza babu. Akatazama ukuta kwa muda, akasema, "Tangulizeni jina lolote la hapa kijijini, mtaona linavyoingia." Tulicheka sana, tukaanza na jina la padri. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba babu hakuwa akitania. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa kambini bila kufunguliwa mashtaka. Kile kiambishi a- kilikuwa kiti kitupu. Yeyote angeweza kuketishwa.

Lugha ya vichwa ina sarufi yake. Wakati wa -a-, ambao wanafunzi wangu huusahau mara tu mtihani unapokwisha, ndio unaotawala huko: asema, aenda, akamatwa. Huokoa nafasi na huzua balaa. Mtu akiandika "Gavana aaga", nusu ya wasomaji hujiandaa kumsindikiza uwanja wa ndege, na nusu nyingine huanza kuchanga za mazishi. "Simba aua mkulima" na "Mkulima aua simba" zina maneno yale yale matatu. Tofauti ni nani atakayekula chakula cha jioni.

Kosa mashuhuri kuliko yote ya vichwa vya enzi hiyo, hata hivyo, halikutoka kwetu. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Wapiga chapa walikuwa wamegoma, gazeti likalazimika kwenda mitamboni mapema, wahariri wakaamua kupiga ramli. Truman ndiye aliyeshinda. Baadaye, katika kituo cha reli cha St. Louis, alilinyanyua gazeti hilo mbele ya wapiga picha, meno yote nje. Picha hiyo hunichekesha kila niionapo, kwa sababu aliyeshindwa kwa wino alikuwa hai na alikuwa na mikono miwili ya kulinyanyulia gazeti.

Huku kwetu kuna habari ambayo babu aliisimulia akianza kwa kicheko. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa wa kizuizini waliokataa kazi ya shuruti walipigwa marungu na walinzi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa magazeti ilieleza kuwa vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka gari la maji. "Maji!" babu angesema, akipiga paja. "Maji!" Kisha angenyamaza, nasi tungejua kuwa hadithi imekwisha.

Tazama ufundi wake. Kitenzi "kufa" hakidai mtendaji. Mtu hufa tu. "Kuuawa" hudai, hata kama mtendaji hakutajwa. Na lile "baada ya" halikusema uongo wowote: inawezekana kabisa kwamba walikunywa maji kwanza. "Kwa sababu ya" lisingethubutu kubeba mzigo huo. Uchunguzi rasmi ulithibitisha baadaye kuwa vifo vilitokana na kipigo, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Magazeti ya Kikuyu ambayo yangeweza kuandika kichwa kingine, likiwemo Mumenyereri, yalikuwa yamepigwa marufuku tangu 1952, na mhariri wake, Henry Muoria, alikuwa London, hawezi kurudi.

Kila mwaka huwapa wanafunzi wa mwaka wa pili taarifa ile ya maji, na kuwataka waiandikie kichwa kisichozidi maneno matano. Wengi huleta sentensi safi zenye Hola, wafungwa na idadi. Juzi mmoja alileta neno moja: WAUAWA. Nikamwuliza kiima kiko wapi. Akajibu kuwa wa- inatosha kwa waliokufa. Kilichokosekana tangu 1959 ni "na", pamoja na majina yanayopaswa kuifuata. Nilimpa alama nane kati ya kumi. Mbili nilizikata kwa sababu ya mwandiko.