Miwa Nje, Karanga Ndani

Mpwa wangu amekuja Madaba likizo na hasira zake. Katika jumba moja la sinema huko Dar es Salaam, mlinzi alimpekua mkoba, akatoa pakiti ya karanga na kuiweka mezani. Ndani zinauzwa bisi. "Mjomba, hivi enzi zenu sinema ilikuwepo?" akaniuliza. Watoto hawa!

Ilikuwepo, ila haikuwa na mlango. Ilikuja na Land Rover ya serikali, shuka jeupe likafungwa uwanjani, jenereta likaanza kunguruma. Baridi ya Madaba inajulikana, kwa hiyo hakuna aliyetoka nyumbani mikono mitupu: viazi vitamu vya moto vimefungwa kwenye kitambaa, maboga, mahindi ya kuchoma. Bwana shamba wa kwenye filamu anatufundisha kupanda mahindi kwa mstari, sisi tunayatafuna. Mimi nasema ilikuwa miaka ya 1970. Kaka yangu anabisha kwamba ilikuwa baadaye, barabara ya lami ya kutoka Makambako ikiwa tayari inajengwa. Haya, iwe anavyosema yeye.

Dar nako walikula. Sinema ya Drive-In ilipofunguliwa mwaka 1966, familia ziliingia na magari yao, chakula cha nyumbani kikiwa kwenye buti. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Wanapekua, lakini si kwa ajili ya karanga.

Kwetu Madaba, utamu wenyewe ulikuja na banda la video. Televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa. Mwenye banda alisimama mlangoni akipokea sarafu na kupiga kelele: "Miwa nje, karanga ndani!" Miwa aliikataa kwa sababu mbili. Maganda aliyafagia mwenyewe, na watu ishirini wakimenya miwa kwa meno, sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, haisikiki tena kwenye mkanda.

Karanga zilikuwa za bibi mmoja aliyekaa na kibatari chake pembeni ya mlango. Alikaanga kwa mchanga na chumvi, akapima kwa kikombe cha kahawa, akafunga kwenye kurasa za madaftari ya shule. Mara moja, kwa mwanga wa televisheni, nilisoma hesabu ya kugawanya iliyokosewa na kutiwa wino mwekundu, mafuta yamelowanisha jibu. Bibi hakulipishwa hata senti. Mwenye banda alijua hesabu zake: mwenye njaa huondoka kula kwao, na akishakula harudi kwa mkanda wa pili. Ndani, kiganja kilinyooshwa gizani, ukachota, ukampasia wa kulia kwako bila kujua ni nani aliyekulisha.

Halafu zikaja sidii, filamu za Kanumba, simu za mkononi. Umeme wa gridi umefika, na kituo cha kupoza umeme tunacho hapahapa Madaba. Hayati Rais Magufuli aliuzindua mradi wa umeme huo mwaka 2019. Mabanda yaliyobaki yanaonyesha mpira wa Uingereza. Lile la jirani yangu limebandikwa karatasi: HAIRUHUSIWI KUINGIA NA CHAKULA WALA KINYWAJI. Soda anauza yeye, kwa bei anayoitaka. Umeme upo, friji lipo, na soda yenyewe ya moto.