Kukomaa Si Kuiva

Katika nyumba moja ya Portland, Oregon, mama aliyezaliwa Wete, Pemba, alinunua mapeasi sita kwa ajili ya futari. Ulikuwa mwezi Machi. Aliyatia ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu, akaukunja mdomo wa mfuko, akasubiri. Hakuna aliyemfundisha huko ugenini. Bibi yake alivundika ndizi vivyo hivyo, kwa majani makavu na moshi ndani ya shimo. Siku ya kumi mapeasi yalikuwa bado magumu, na shingo zake zimeanza kusinyaa. Aliyatupa, akasema mkono wake umesahau kuvundika.

Mkono haukusahau. Moshi wa bibi na pumzi ya ndizi vina gesi moja, ethilini. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, huko St. Petersburg, alibaini kuwa gesi hiyo ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934 Richard Gane, huko Uingereza, akathibitisha kuwa tunda lenyewe huizalisha. Ethilini ni mwito: tunda likiusikia, huiva.

Wakulima wa Hood River, yapata kilomita 100 mashariki ya Portland, wana sababu ya kuuogopa mwito huo. Peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, kwani likiachwa liive mtini nyama yake huwa ya chengachenga na moyo wake huharibika kwanza. Kiswahili kina bahati ya maneno mawili, kukomaa na kuiva, na biashara nzima ya peasi hukaa katika pengo lililo baina yao. Siku za mavuno ni chache, na matunda yaliyochelewa kuchumwa huanguka chini.

Hapo ndipo huingia dawa ya kunyunyiziwa kabla ya mavuno. Ile iitwayo AVG huzuia tunda lisitengeneze ethilini. Nyingine, 1-MCP, huziba vipokezi vyake: mwito upo, ila sikio halisikii. Tunda hushikilia kikonyo, hupata siku za kuongezeka unene, na huingia ghalani likiwa gumu. Katika baridi ya takriban nyuzi -1 za Selsiasi hukawia kugeuka rangi, na ngozi yake huepukana zaidi na mabaka ya kahawia yaletwayo na kuoksidika kwa alfa-farnesini, kemikali ya asili iliyomo katika ngozi hiyo.

Lakini peasi si tufaha, ambalo mlaji hulipenda likiwa gumu. Peasi aina ya d'Anjou huchumwa likiwa na ugumu wa ratili 13 hadi 15 kwenye kipimo, na hufaa kuliwa likishuka chini ya ratili 5. Tena huhitaji baridi ya takriban siku 60 ndipo lipate uwezo wa kuiva vyema. Baridi ile ile inayolihifadhi ndiyo inayoliandaa kutoa ethilini. Basi dawa na baridi huvutana. Dawa ikiwa hafifu, nguvu yake huisha ghalani kabla ya msimu wa kuuza. Ikizidi, au ikinyunyiziwa wakati usiofaa, baridi hushindwa, na tunda huvia: kijani, zuri, lisilolika.

Tunda lililovia halitofautiani kwa jicho na lile linalosubiri. Ndiyo maana hasara yake humfikia mlaji, hesabu za ghala zikiwa zimekwisha kufungwa kwa faida, naye hujilaumu. Kuchelewesha si kosa; bila ya kuchelewesha, Portland isingekuwa na peasi la Oregon mwezi Machi. Lakini anayelizuia tunda lisiive anawajibika kujua pia namna litakavyoiva. Bibi wa Wete alipolifunika shimo, alijua siku ya kulifukua.

Wiki iliyofuata mama yule alinunua peasi moja tu. Kila jioni alilibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, mahali ambapo ulaini huanza kujulikana. Jioni ya nne kidole kilizama kidogo. Alilikata vipande, akavipanga sahanini kando ya tende, akangoja adhana.