Safari ya Motaboti Katika Matawi ya Rufiji

Sisi tukaao Sinza tuna mto wetu, nao huitwa Mto Ng'ombe. Wakati wa kiangazi kuku huuvuka bila kulowa kifua, na wakati wa masika huingia katika nyumba za watu pasipo kubisha hodi. Watoto wangu wawili wamekua wakidhani ya kuwa mito yote ya duniani ni ya namna hiyo. Basi mwezi wa Juni mwaka 2025, shule zilipofungwa, mama yao aliniambia, "Baba, watoto hawa ni wajukuu wa Rufiji, nao hawajapata kuuona Rufiji." Nikakubali, maana sikuwa na neno la kujibu.

Yafaa nieleze kwanza habari za chombo chenyewe. Mke wangu na ndugu zake walichanga fedha kwa muda wa miaka miwili, wakanunua motaboti ya faiba, urefu wake kama mita saba, na mashine ya kufunga tezini yenye nguvu za farasi 15. Hawakuinunua kwa anasa. Mama yao anakaa katika kijiji kilichomo ndani ya mikoko, ambako gari halifiki, na mtu akiugua hakuna njia ila maji. Chombo kimeandikishwa na kukaguliwa kama sheria itakavyo, tena kina majaketi ya kuelea, moja kwa kila kichwa. Nahodha wake ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye alijua kupiga pondo kabla hajajua kusoma.

Tuliondoka Sinza saa kumi alfajiri, tukapita Mbagala na Mkuranga kwa barabara ya Kilwa, kisha tukakata kushoto pale Bungu kwenda Nyamisati. Njia nzima mtoto wa pili aliuliza kama tumefika. Sitasema mengi juu ya barabara, maana wasomaji wengi mwaijua.

Nyamisati ni bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti, na hapo ndipo watu wapandapo vyombo kwenda kisiwa cha Mafia. Nalidhani nitaona mto mmoja mpana ukiingia baharini. Kumbe sivyo. Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote katika Tanzania. Maji yake hutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, lakini ukaribiapo bahari hugawanyika katika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo imesimama mikoko isiyohesabika. Maji chumvi hupanda na maji baridi hushuka, nayo hukutana humo ndani. Mgeni akiingia asubuhi huona mfereji mpana kama uwanja wa mpira. Akirudi mahali pale pale mchana huona tope, kaa na yangeyange waliosimama mahali alipopita na chombo.

Tena njia hiyo haina upweke. Mle ndani hakuna barabara nyingine, kwa hiyo kila kitu hupita majini. Siku ile tuliona mitumbwi ya wavuvi, mashua zilizopakia nazi na samaki wakavu, mwalimu na baiskeli yake ndani ya mtumbwi, na watoto wawili wakubwa kidogo kuliko wangu wakivuka peke yao kwa kafi moja. Kando kando walikuwa watu wenye nyavu. Shemeji alipomkaribia kila mmoja wao alipunguza mashine mpaka ikanong'ona tu, akainua mkono, akatoa salamu, akapita. Mimi moyoni nalikuwa nikihesabu dakika.

Tulitoka Nyamisati saa saba mchana. Nilimwuliza kwa nini tusitoke mapema zaidi, kwa kuwa tulikuwa tumefika mapema. Akasema, "Shemeji, maji yalikuwa yakipwa. Sasa yanajaa. Mtu akipanda fungu la mchanga maji yakiwa yanajaa, huketi kidogo akala muhogo wake, na bahari yenyewe humwinua. Akipanda maji yakipwa, kila dakika humfungia mlango."

Nikamwomba anifundishe zaidi, naye alinifundisha kwa ukarimu. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua, ndiyo maji makubwa. Kwetu pwani tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati huo hupita mita tatu. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Aliyekwama juu ya fungu wakati wa kilele cha bamvua ana hatari ya namna yake: maji ya siku zifuatazo hupungua kimo, na huenda chombo kikakaa pale siku nyingi kikingoja bamvua nyingine. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo hayafuati saa ya ukutani.

Alinionyesha pia ya kuwa mto ukipinda, maji marefu huwa upande wa nje wa pindo, na mchanga hujilaza upande wa ndani. Mahali penye viwimbi vidogo vidogo huku pengine pote pametulia, pana fungu karibu. Mashine ikiwa inafanya kazi hutema uzi wa maji nyuma yake. Uzi huo ukikatika, basi mchanga umeziba njia ya maji ya kuipoza, na usipoizima upesi utaiunguza. Na juu ya haya yote alikuwa na upondo mrefu uliolazwa omoni tayari. "Mashine ni ya haraka," alisema, "huu ndio wa kuniambia kweli."

Tulifika salama. Sitaeleza siku tatu tulizokaa kwa mama mkwe wangu, ila kwamba watoto walikula pweza kwa mara ya kwanza, na mmoja wao akatoroka na kupatikana juu ya mkoko.

Siku ya kurudi, maji yalikuwa yajae saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Shemeji alitaka tuondoke saa kumi na moja, maji yakiwa bado yanapanda. Lakini mimi nalichelewa. Niseme kweli: nalikuwa nikifunga mizigo, nazi hapa, mkungu wa ndizi pale, kisha tukaaga watu, na kuaga kule si jambo la neno moja. Tukaondoka saa mbili. Tena nikamwomba shemeji anipe usukani, kwa kuwa nimejifunza. Alinitazama kidogo. Mimi ni mume wa dada yake, tena mkubwa wake kwa miaka kumi; hakuona njia ya kunikatalia. Akakaa omoni na upondo wake.

Nikafungulia mashine. Nalijua maji yanapwa, na kwa kujua hivyo nikazidi kuharakisha. Tulipozunguka pindo moja niliona mtumbwi mbele, mwanamke mtu mzima amekaa nyuma akipiga kafi, na kijana wa kike mbele, katikati magunia mawili ya mpunga. Ubao wa mtumbwi ulikuwa umebakiza kama upana wa vidole vinne juu ya maji. Shemeji aliinua mkono kunionya. Nikadhani ananionyesha njia! Nikapita mbali nao, kama hatua ishirini, nikaona nimefanya adabu ya kutosha. Lakini mawimbi ya nyuma ya chombo hayakukaa nyuma ya chombo. Mahali penye maji mafupi wimbi huinuka na kusimama wima. Nilisikia mke wangu akipiga kelele, nikageuka, na mtumbwi ulikuwa umejaa maji na kulala ubavu.

Nashukuru Mungu kwamba maji yalikuwa ya kiunoni. Wote wawili walisimama. Yule mama hakulia wala hakututukana. Alishika gunia moja kwa mikono miwili, maji yakimfikia tumboni, akatutazama tu. Shemeji aliruka, mke wangu naye, mimi nikazima mashine na kuruka nyuma yao. Tuliinua mtumbwi, tukauteka maji, tukatafuta kafi. Magunia yote mawili yalikuwa yamelowa, na maji yale yana chumvi. Nilisema, "Mama, nisamehe." Akajibu, "Mwanangu, mna mashine, sisi tuna mikono. Hamkutuona?"

Sikuwa na la kusema, maana nalimwona.

Tulipakia magunia katika chombo chetu ili kuyafikisha ng'ambo, alikokuwa akienda. Shughuli hiyo yote ilitwaa nusu saa na zaidi. Tulipotaka kuondoka, motaboti haikutikisika. Tulisukuma watu wanne wazima, tukateremsha mizigo na watoto, tukasukuma tena. Ikasogea hatua moja, ikaketi. Shemeji alichomeka upondo, akautazama, akasema, "Tumepwelewa." Ilikuwa saa tatu na robo.

Je, msomaji, umepata kukaa juu ya fungu la mchanga katikati ya mto na familia yako? Kwanza maji yalikuwa ya magotini, kisha ya vifundoni, kisha chombo kikainama upande mmoja kama ng'ombe alalaye. Shemeji alitukataza kutembea ovyo. Aliyetaka kutembea aliburuta miguu mchangani, ili taa aliyejificha asikie na kukimbia kabla hajakanyagwa. Nilimwuliza kwa sauti ndogo habari za mamba na viboko. Akaniambia wamo, ila tukae pamoja na tusisogee kwenye mikoko. Jua likapanda. Chupa ya maji ya kunywa tulikuwa nayo moja, kwa kuwa nafasi ya nyingine niliijaza nazi.

Ili watoto wasiogope, niliwasimulia habari za meli iliyopatwa na jambo kama letu katika matawi haya haya. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar, tarehe 20 Septemba, kisha ikaja kujificha katika Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zikalinda milango ya mto miezi mingi, wala hazikuweza kuifuata, kwa sababu kina hakikutosha. Mwisho zililetwa meli mbili fupi, Severn na Mersey, zenye matumbo bapa. Nazo hazikuundwa kwa ajili ya bahari kabisa. Ziliundwa Uingereza ziuzwe Brazil, zipite katika mito ya kule. Ziliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11, na eropleni juu ikizielekeza mizinga, na siku hiyo Königsberg ikaisha. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja wao hata leo uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu.

Mwanangu wa kwanza alifikiri, akauliza, "Baba, hiyo meli haikuwa na mjomba wa kuionyesha njia?" Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kama saa sita tuliona mtumbwi unakuja. Alikuwa yule mama. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi wake mtupu, kisha akarudi, na sasa amebeba ndoo ya maji ya kunywa na chungu cha wali kwa samaki. Aliweka mbele ya watoto wangu, akawanawisha mikono. Mke wangu akalia. Mimi nilimpa shikamoo, akaiitikia, akaniambia nile nami, kwa maana jua ni kali na maji hayatarudi kabla ya alasiri.

Tulizungumza juu ya mpunga. Alisema ndiyo mavuno yake yote aliyokusudia kuuza. Mengine ni ya chakula na mbegu. Nikamwambia nitayanunua magunia yote mawili kwa bei ya Nyamisati, kama makavu. Alikataa kwanza, akasema mpunga uliolowa si wa kuuzwa kwa bei ya mkavu. Tukashindana, na ni shemeji aliyeamua. Fedha nilizokuwa nazo hazikutosha. Zilizobaki nilimpelekea kwa simu siku ya pili.

Maji yalirudi polepole, kwanza kama uzi katikati ya mchanga. Saa kumi na dakika kumi motaboti ilisimama sawa, ikatikisika. Hakuna aliyeuliza nani ashike usukani. Shemeji aliinua mashine juu, akasimama omoni, akatutoa kwa upondo peke yake mpaka maji marefu, ndipo akaiteremsha na kuiwasha. Kila tulipokuta mtumbwi aliizima kabisa, nasi tulielea tukipita, tukisalimiana. Tulifika Nyamisati jua likizama, na Sinza usiku wa manane.

Mpunga tuliuanika juu ya mikeka uani kwa siku nne, watoto wakifukuza kuku wa jirani. Chembe nyingi zilivunjika katika kukoboa, na wali wake una chumvi kidogo hata usipotia chumvi. Tumeula mpaka mwezi wa Septemba.