Ujumbe Niliosambaza Nikiwa Bugeshi

Mwaka 2021 nilituma ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao unanisumbua mpaka leo.

Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei. Sisi tulikuwa upande wa Kibati, tukavuka Kabuhanga na kuingia Rwanda. Pale Bugeshi mukecuru mmoja alitupokea, akatupa chumba na viazi. Lava ilisimama, lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka mchana na usiku, siku nyingi. Mama, aliyekimbia lava ya 2002 akiwa na mimba yangu, alikataa tuingie ndani: "Batoto, tulale inje. Nyumba njo inauwaka batu."

Tarehe 27 gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliagiza watu wahame sehemu kubwa ya Goma, kwa hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na ziwa. Usiku huo nikapata ujumbe: tsunami inakuja Kivu saa nane usiku, sambaza. Nikasambaza kwenye makundi matano. Sikuuliza nani kasema.

Jirani yetu mwenye mtoto mchanga aliuona kwenye simu ya kaka yake. Akaondoka usiku uleule, kwa miguu, kwenye mvua, kuelekea Musanze. Saa nane ikapita, ziwa likabaki palepale. Na Bugeshi iko juu milimani. Maji ya Kivu yangetufikiaje? Yule mtoto alirudi na homa ya mapafu. Alipona, tunamshukuru Mungu. Mama yake alijua ujumbe umetoka kwangu. Hakuniambia neno, alinitazama tu.

Baadaye ndiyo nikasoma tsunami ni nini. Tetemeko kubwa likiinua ghafla sakafu ya bahari, maji yote ya juu yake yanasukumwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 26 Desemba 2004 karibu na Sumatra, Indonesia: tetemeko la ukubwa wa 9.1, na waliokufa walizidi 220,000. Wimbi lilisafiri kama masaa saba mpaka Somalia. Hafun ikapigwa vibaya, na karibu watu 300 wakafa nchini humo. Masaa saba, jamani! Muda ulikuwepo, wa kuwafikishia habari hakuwepo. Kenya habari zilitangulia, watu wakaondolewa ufukweni, akafa mtu mmoja.

Kinachonigusa zaidi ni kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na tetemeko lenyewe. Tangu wimbi la 1907, wazee wa pale waliwahadithia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbieni mlimani. Wana neno moja tu la hilo, smong. Siku ile watu wakalipigia kelele, wakapanda. Kati ya watu kama 78,000, walikufa 7.

Watu wa Hafun walikosa ujumbe. Mtoto wa jirani yangu nusura afe kwa sababu ya ujumbe wangu.

Kivu ina gesi nyingi chini yake na volkano juu yake, hatari ni ya kweli. Ndiyo maana sasa kabla ya kutuma nauliza: nani kasema, lini, na sisi tuko wapi? Nikikosa jibu, sitautuma.

Onyo la kweli litakuja siku moja. Siku hiyo nataka yule mama akiona jina langu kwenye simu, aniamini.