Maji Moto ya Katavi: Salamu Kutoka Chini ya Ardhi

Ndugu msomaji, ukipata likizo, panda gari Mpanda mjini ushike njia ya kusini. Utapita Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako wakati wa kiangazi viboko husongamana katika madimbwi ya Mto Katuma. Endelea hadi Kibaoni, na mbele yake utafika Majimoto, katika bonde la Ziwa Rukwa. Jina lenyewe latosha kukueleza: hapo maji hububujika ardhini yakiwa ya moto, wala hakuna aliyeyachochea kuni.

Ni nini basi kiyapashacho? Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba. Kwa wastani, kila yashukapo kilomita moja joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. Yakisha kupata moto, hupanda tena juu kwa njia ya nyufa nyingine.

Nyufa hizo ni za tawi la magharibi la Bonde la Ufa, litokalo Uganda, likapita Ziwa Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa. Hapo bara la Afrika linavutwa pande mbili, milimita chache kila mwaka. Ganda la dunia linapokuwa jembamba, miamba yenye joto kali hupanda kutoka chini, uzito ulioikandamiza hupungua, nayo huyeyuka ikawa rojo. Rojo hilo lina gesi ndani yake. Likikaribia juu, gesi hufura kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na hapo mlima hulipuka au humwaga lava.

Katavi haina mlima wa namna hiyo. Lakini ufuate ufa huohuo kusini, utaiona Rungwe, na jirani yake Ziwa Ngozi lililomo ndani ya kasoko, yaani shimo lililoachwa na volkano. Ufuate kaskazini hadi Kongo, utaukuta Nyiragongo, ambao mwaka 2002 lava yake iliingia mjini Goma, ukalipuka tena mwaka 2021.

Volkano haileti maangamizi tu. Ndizi, viazi na chai ya Rungwe vyastawi katika udongo uliotokana na majivu yake. Tena nguvu zake hufika mbali: mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, gesi zake zilitanda angani zikazuia sehemu ya mwanga wa jua, na joto la dunia likapungua kwa karibu nusu nyuzi kwa muda.

Fungu la Katavi na jirani yake Rukwa ni matetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi hii ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile. Zama hizo nyumba nyingi zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Leo Mpanda ni mji wa matofali. Tukumbuke tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016: ukubwa wake ulikuwa 5.9 tu, lakini kuta za matofali ziliporomoka, na zaidi ya watu 15 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo, wewe unayejenga, usibane saruji ya msingi wala usiache mkanda wa zege juu ya kuta. Na jioni moja wafundishe watoto: ardhi ikitikisika, waingie chini ya meza imara, wajikinge kichwa, wasisimame kando ya ukuta.

Hakuna ajuaye siku ya tetemeko. Lakini chemchemi ya Majimoto yatukumbusha kila siku kwamba ardhi tunayoikanyaga haijalala. Aliyeisikia salamu hiyo na ajenge akijua.